Sufuria ya Shule



Siku ya ibada ya mavuno mwaka huu tulibaki nyuma watu watano, baada ya waumini kwenda makwao, ili tuhesabu yaliyoletwa madhabahuni. Palikuwa na kuku, ndizi, viazi vitamu, mihogo, mtama kidogo, dagaa katika vifurushi, na mahindi mengi. Halmashauri ya parishi ilikuwa imekwisha kukubaliana kwamba mahindi yasipigwe mnada kama vitu vingine. Yangepelekwa shule ya msingi iliyo jirani na kanisa, ambako wapo watoto ambao wazazi wao hawawezi kutoa mchango wa chakula, nao hukaa chini ya mwembe wakati wenzao wanakula. Tulipofungua magunia ili tupime kwa debe, gunia la tatu lilitoa harufu. Mlikuwa na punje za kijani, nyingine zina vumbi la kijivu, nyingine zimeshikana kama mkate.

Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema ambaye namheshimu kama baba yangu mzazi, alichota konzi moja, akanusa, akasema, "Na hili liende. Wataosha, wataanika. Watoto wa shule hawachagui, Mwalimu."

Nilimjibu kwamba hilo ndilo linalonitia hofu, kuwa hawachagui. Hatukuelewana siku ile. Gunia lilibaki limeegemea ukuta wa ofisi ya kanisa, nami nilikwenda nyumbani nikiwa na neno lile kichwani. Ndiyo sababu nimemwomba kasisi wetu nafasi katika gazeti hili.

Sitaki mtu adhani kwamba mzee alisema kwa ukatili. Alisema kwa huruma. Yeye aliwalea wanawe katika miaka ya 1974 na 1975, nchi ilipopungukiwa chakula, tukala ule unga wa njano wa kutoka Marekani ambao wengi waliuita yanga. Kwake, gunia la mahindi kukataliwa ni jambo lisiloingia akilini. Aliniambia, na kwa haki, kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtoto akishinda na njaa tangu alfajiri hadi saa tisa alasiri hasomi. Hilo sina haja ya kuambiwa, maana nimewafundisha watoto wa namna hiyo miaka mingi, nikawaona wakilala juu ya madaftari yao kipindi cha hesabu. Basi swali si jepesi. Kwa upande mmoja ipo njaa ya leo, ambayo ni hakika. Kwa upande wa pili ipo hatari ya kesho, ambayo huenda isije. Mtu mwenye akili timamu aweza kuuliza kwa nini amwache mtoto na njaa iliyo dhahiri kwa kuogopa ugonjwa wa kudhaniwa.

Lakini ndani ya swali hilo limo swali jingine. Je, mtu anayekula bure, tena asiyeweza kukataa, astahili uangalifu mdogo kuliko mtu anayenunua? Kwa midomo yetu sote twasema hapana. Kwa matendo yetu mara nyingi twasema ndiyo.

Sisi wa kando ya Ziwa tuna ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, kwa kuwa ilijulikana kwamba wavuvi wengine walitumia sumu za kuulia wadudu ili wapate samaki wengi kwa haraka. Sumu iliyotajwa sana ni thiodani, ile ile ambayo wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakiipulizia mashambani mwao. Wazee wanakumbuka jinsi viwanda vya minofu hapa Mwanza vilivyotikisika na vijana wakakaa bila kazi. Ndipo ukaguzi ukakazwa mialoni, viwandani na barabarani, na leo ipo maabara ya ubora wa samaki pale Nyegezi. Mnofu wa sangara hausafiri kwenda kwa mlaji wa Ulaya bila karatasi kuthibitisha kwamba umepimwa.

Hayo ni mema, wala siwalaumu watu wa Ulaya kwa kuangalia kilichomo sahanini mwao. Neno langu ni hili: samaki yule yule aliyetoa mnofu alibakiza kichwa na mifupa, yaani mapanki, na hayo yalikuja sokoni kwetu. Maji yaliyotiwa sumu ndiyo maji ya dagaa wetu. Nani aliyeuliza karatasi ya mapanki? Nani aliuliza karatasi ya dagaa waliopikiwa wanafunzi wa bweni mwaka ule wa 1999? Ilitubidi tungoje mteja wa mbali akasirike ndipo tushtuke, na hata tuliposhtuka tulimshtukia yeye. (Najua kwamba filamu ya Hubert Sauper iliyotoka mwaka 2004 ilileta ugomvi mkubwa juu ya mapanki ya Mwanza, hata Rais Kikwete akailaumu mwaka 2006. Siingii katika ugomvi ule. Mimi nazungumzia sahani, sizungumzii sinema.)

Jambo la namna hiyo lilirudi mwezi Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Nilikasirika, kama wengi walivyokasirika. Nilisema ni wivu wa biashara, na labda wivu nao ulikuwamo. Lakini baadaye nilijiuliza: kama yapo magunia yaliyokuwa na sumu kweli, yakageuzwa mpakani na kurudi, yaliishia tumboni mwa nani? Hayakumwagwa baharini. Katika hasira yetu yote hatukuliuliza hilo, na nadhani hatukuliuliza kwa sababu jibu lilikuwa karibu na jikoni kwetu.

Yafaa nieleze kidogo sumukuvu ni kitu gani, maana nilipokuwa nafundisha sikuijua, na nadhani wazazi wengi hawaijui hata leo. Ni sumu inayotolewa na aina fulani za ukungu unaoota juu ya mahindi, karanga na nafaka nyingine zikivunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Haina rangi ya kuonekana wala ladha ya kuonjwa. Punje yaweza kuwa nayo hali ukungu wenyewe umekwisha kufutika. Na kuchemsha hakuiondoi. Ugali waweza kupikwa hadi ukaungua, na sumu ikabakia. Kuchambua punje mbovu kunapunguza, na kukoboa kunapunguza, kwa kuwa sehemu kubwa imo katika ganda na kiini. (Hapa pana jambo la kusikitisha kidogo: dona, tunalolisifu kwa lishe, na kwa haki, ndilo hubeba zaidi kama mahindi yenyewe ni mabaya.) Ikiwa nyingi sana huharibu ini mara moja: macho huwa manjano, tumbo hujaa maji, mtu hufa katika siku chache. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini, na wataalamu wanaihusisha na kudumaa kwa watoto.

Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa. Walikula mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kwetu, mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na 20 wakafa. Wengine walidhani kwanza ni ugonjwa mgeni, au ni uchawi, kumbe ni ugali wa kila siku.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupapita upesi, lakini haifai.

Katikati ya miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu kijana, mwenye miaka michache tu tangu kutoka chuoni, katika shule moja ya mkoa huu ambayo sitaitaja. Nilikabidhiwa shamba la shule na ghala. Tulilima mahindi kwa mikono ya watoto, kama ilivyokuwa desturi ya elimu ya kujitegemea, na mavuno yakawekwa ghalani, chini ya bati lililotoboka. Mvua za vuli zikaja. Siku moja mama aliyetupikia alinijia na ungo mkononi, akaamkia, akasema, "Mwalimu, haya mahindi yananuka. Hata kuku wangu nisingewapa." Nilitazama. Yalikuwa kama yale ya gunia la kanisani. Magunia mengine hayakuwapo, mwezi ulikuwa bado mrefu, na mwalimu mkuu alikuwa safarini. Nilimwambia, "Mama, yaoshe, yaanike, kisha yapelekwe mashineni. Moto unaua kila kitu." Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesoma. Yeye hakuwa amesoma, basi akanyamaza.

Watoto walikula mahindi yale kwa muda wa majuma sita hivi. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyelazwa, kwa kadiri ninavyojua. Kwa miaka thelathini nilihesabu jambo lile kuwa busara yangu: nilikabiliwa na njaa, nikaamua, watoto wakashiba.

Mambo mawili yameniharibia hesabu hiyo. La kwanza ni habari za 2016, zilizonifundisha kwamba "hakuna aliyekufa" si ushahidi wa kitu. Sumu ile haidai malipo yake siku ile ile. Kama mmoja wa watoto wale, ambao sasa ni watu wazima wenye wajukuu, aliugua ini akiwa na miaka arobaini, nani atajua? Mimi sitajua kamwe. Siwezi kujihukumu kwa kosa ambalo sina hakika kama lilimdhuru mtu, wala siwezi kujisamehe kwa sababu hiyo hiyo. La pili ni dogo zaidi, nalo ndilo linaloniuma. Mama mpishi alikuwa na mtoto wake darasa la tatu. Katika majuma yale sita mtoto yule alikuwa akikimbia nyumbani saa ya chakula. Nilimwona. Nilidhani ni utukutu wa kitoto, na nadhani nilimwadhibu mara moja kwa kuchelewa kurudi. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimelala usiku, ndipo nilipoelewa kwamba mama yake alimwambia asile.

Na mimi je? Sikula. Walimu tulikuwa na unga wetu wa kununua, tukapikiwa sufuria ndogo mbali.

Basi nimefikiri hivi. Kosa langu halikuwa katika kutojua sumukuvu, maana asiyejua hana hatia kubwa. Alikuwapo mtu aliyejua vya kutosha, aliyejua kwa pua, naye alinijia akaniambia. Nilikuwa na dalili iliyo wazi kabisa, kwamba chakula kile nisingekila mimi wala mpishi asingempa mwanawe. Hakuna maabara iliyohitajika. Ningejiuliza swali moja tu, "Je, nitakula?", ningepata jibu.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 4, ziko habari za Elisha huko Gilgali wakati wa njaa. Wanafunzi wa manabii wameketi mbele yake, naye anaagiza sufuria kubwa iinjikwe. Mmoja wao anakwenda kondeni kutafuta mboga, anakuta mtango wa mwitu, anajaza nguo yake, anakuja anakatakata na kutia ndani. Kitabu chasema wazi kwamba hawakuyajua matango yale. Nimewafundisha watoto habari hizi mara nyingi, na siku zote niliharakia muujiza wa unga uliotiwa sufuriani. Sasa nasimama mapema zaidi. Kwanza, ile ilikuwa sufuria ya shule, tena wakati wa njaa. Ni habari zetu kabisa. Pili, aliyeleta sumu alikuwa mtu wa bidii na nia njema, hakulaumiwa. Tatu, waliokola waliopoa kwa sababu walipiga kelele. Walionja, wakalia kwamba mauti imo ndani, na mwalimu wao alisikia. Hakuwaambia kwamba chakula hakikataliwi, wala hakuwauliza kama wanajua njaa ni nini. Sufuria haikuendelea kugawiwa hata ilipoponywa.

Watoto wetu hatuwafundishi kulia hivyo. Tunawafundisha kinyume chake. Mtoto mwenye adabu hakitazami chakula mara mbili, hanusi sahani, hasemi mbele ya wakubwa kwamba uji una ladha mbaya. Ni malezi mazuri nyumbani, kwa sababu nyumbani mama amekwisha kunusa kabla yake. Shuleni tumemwachia adabu ile ile, na aliyenusa hayupo. Katika jimbo la Bihar, huko India, mwezi Julai 2013, watoto 23 wa shule moja ya kijijini walikufa kwa chakula cha mchana cha bure. Mafuta ya kupikia yalikuwa na sumu ya kuulia wadudu wa mashambani. Habari zilizotolewa zilisema kwamba mpishi alitilia shaka mafuta, na kwamba watoto walilalamikia ladha. Mwalimu mkuu alihukumiwa kifungo mwaka 2016. Msiba ule ulifanya agizo la mwalimu kuonja kabla ya watoto lisisitizwe nchini mule. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka mama yule na ungo wake. Yeye na mpishi wa Bihar walisema. Tatizo halikuwa ukosefu wa mtu wa kusema. Sisi wenye chaki tulikuwa na haki ya kutosikia.

Wala chakula cha msaada hakina kinga kwa kuwa ni cha msaada. Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, unga wa lishe uliogawiwa na Mpango wa Chakula Duniani ulikutwa na sumu ya mmea unaotoka katika magugu ya mashambani. Watu 5 walifariki na mamia wakaugua. Shirika lile lilisimamisha ugawaji wa unga ule mara lilipopata taarifa, nalo lina wapimaji na maghala makubwa. Ikiwa wao walipatwa na hayo, sembuse sisi wenye gunia lililoshonwa kwa kamba ya katani.

Nirudi kwa hoja ya mzee wangu, maana sijaijibu. Alisema njaa ni hakika. Ni kweli. Lakini nimejifunza kwamba njaa ndiyo hasa huleta sumu sufuriani, kwa sababu njaa hufupisha kazi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika wilaya ya Tarime kaskazini yetu, watu 39 walipooza miguu kwa ghafula, wengi wao wanawake na watoto, kwa kula muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vizuri. Ugonjwa ule huitwa konzo, nao hautibiki. Bibi zetu wote wa kando ya Ziwa wanajua kutengeneza udaga: muhogo humenywa, ukavundikwa siku kadhaa hata ukaota ukungu wake na kulainika, ukakwanguliwa, ukaanikwa, ukatwangwa. Siku zile ndizo huiondoa sumu. Waliopooza hawakuwa wajinga. Walikuwa na watoto wanaolia, na siku tatu ni nyingi mno kwa mtoto anayelia. Njaa ikituhimiza kuharakisha, hapo ndipo tunapohitaji mtu mmoja wa kutuzuia mkono. Aliye na njaa hawezi kuwa yeye. Ni lazima awe mtu aliyeshiba, naye hapendwi kwa kazi hiyo.

Kuna jambo jingine katika mahindi ya shule ambalo wazazi watanisamehe nikilisema. Tangu mwaka 2016, serikali ilipofuta michango ya lazima katika shule za msingi, chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki mikononi mwa wazazi, na kila nyumba huleta kopo lake au debe lake. Nimesimama mlangoni mwa ghala nikipokea. Najua mama akitaka kutoa debe la shule huingia chumbani, akatazama magunia mawili, la mahindi safi na la yaliyobunguliwa, na mkono wake unakwenda wapi. Nami ningefanya hivyo. Kisha debe hilo linamwagwa pamoja na madebe mengine arobaini, na kutoka hapo si la mtu. Hakuna atakayesema hili baya ni langu. Nabii Malaki aliwauliza watu wa siku zake, waliokuwa wakimletea Mungu wanyama vipofu na vilema, kama wangethubutu kumpelekea liwali wao zawadi ya namna hiyo. Naona swali lake linafaa pale mlangoni mwa ghala. Mbele ya mkuu wa wilaya tungechambua.

Mzee wangu ana hoja moja zaidi, nayo ilinikalisha kitako. Baada ya siku chache alinitembelea nyumbani, tukanywa chai, akaniambia ametafuta katika Biblia. Akanionyesha Kumbukumbu la Torati, mlango wa 14, palipoandikwa kwamba Waisraeli wasile mnyama aliyekufa mwenyewe, lakini waweza kumpa mgeni aliyemo malangoni mwao ale, au kumwuzia mtu wa taifa jingine. "Unaona, Mwalimu," akasema, "hata Musa hakuagiza kitupwe."

Sikuwa na jibu papo hapo. Mimi si mtu wa theolojia, na kasisi wetu atanisahihisha nikikosea, lakini baada ya kulifikiri nimeona hivi. Sheria ile ilisema habari za utakatifu wa watu wale, kama walivyokatazwa nguruwe. Mgeni hakufungwa nayo, basi kwake haikuwa dhara. Sumu haitofautishi mwenyeji na mgeni. Kitu kilichokatazwa kwangu kwa sababu ya nadhiri yangu naweza kumpa jirani kwa dhamiri safi. Kitu ninachokikataa kwa sababu kinaua siwezi. Na hilo linaendelea mbele kuliko tunavyopenda, kwa maana kila mtu wa hapa anajua mahindi mabovu huenda wapi: kwa wapika pombe na kwa wafugaji. Sumukuvu haikomi katika pombe, na ng'ombe akiila hupita ndani ya maziwa. Tukiliuza gunia lile kwa bei ya chini na fedha tukanunua mahindi safi ya shule, tutakuwa tumewalinda watoto saa sita mchana, na tumewatilia baba zao sumu katika kibuyu saa kumi na mbili jioni, na labda kuwarudishia wenyewe katika kikombe cha maziwa.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema neno ambalo bado nalitafakari: "Basi wataka tuchome moto sadaka, na watoto wenye njaa wakitazama moshi." Nilisema ndiyo, yale yasiyochambulika. Nilisema kwa shida. Sidhani kama kuna njia ya kulifanya jambo hilo bila kuona haya, na labda mtu asiyeona haya hafai kulifanya.

Halmashauri ilikutana Alhamisi iliyofuata. Tulikubaliana kwamba magunia yote, si lile moja tu, yamwagwe juu ya turubai na kuchambuliwa punje kwa punje, na kwamba wachambuaji wawe sisi tuliotoa, tusiwaachie wapishi wa shule. Akina mama wa Umoja wa Mama walileta nyungo. Mmoja wao alituonyesha jinsi ya kujua kama mahindi yamekauka: tia chumvi kavu katika chupa kavu, tia mahindi, tikisa, kisha acha kidogo, chumvi ikishika kioo, mahindi bado yana maji. Magunia mawili yaliyokuwa mazuri kwa macho yalishikisha chumvi, tukayaanika siku tatu mbele ya kanisa, watoto wa shule ya Jumapili wakifukuza kuku. Tulikubaliana pia, na hapa palikuwa na ubishi mkali hata mtu mmoja akatoka nje, kwamba katika siku za kula mahindi yetu, mwakilishi mmoja wa halmashauri atakwenda shuleni kila juma na kula sahani moja pamoja na watoto. Najua kwamba sumukuvu haigunduliwi kwa ulimi. Nilisema wazi mkutanoni kwamba sahani ile haitapima lolote. Lakini nawajua watu wanaojua kwamba watakula, jinsi wanavyochambua.

Lile gunia la tatu lilikuwa na madebe sita. Baada ya kuchambua yalibaki mawili ya kupelekwa shuleni na manne yasiyofaa. Mzee wangu alikaa juu ya turubai tangu asubuhi, miguu yake mibovu imenyooshwa, miwani puani, akichambua polepole kuliko sisi sote. Wakati wa kuchoma ulipofika hakuja uwanjani. Alibaki kwenye turubai, na nilipogeuka nilimwona anarudia kuchambua ungo ambao mimi nilikuwa nimekwisha kuumaliza. Alitoa punje saba, akaziweka katika kiganja, akaniletea bila kusema neno.

Zamu ya kwanza ya kula shuleni ni yangu, Jumatano.